Nesi na Ndoano, sehemu ya 6: Ripoti nusu ni mbaya kuliko kimya

Nimetoka zamu ya usiku, chai iko mezani, na badala ya kulala naandika hii. Tangu mwezi wa tatu uanze, ujumbe wenu umekuwa ule ule: "Sista, samaki wameanza kupanda?" Wengine hata salamu hakuna, ni samaki moja kwa moja. Sawa, nawajua. Leo nitawajibu, lakini kwanza kuna jambo lazima nilitoe moyoni.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nazungumzia mto Maumee, huku kaskazini magharibi mwa Ohio. Kila mwaka, mwezi wa tatu na wa nne, samaki anayeitwa wolai hutoka Ziwa Erie kwa wingi ajabu na kupanda mtoni kutaga mayai kwenye kokoto, pale maji yanapokimbia karibu na miji ya Maumee na Perrysburg. Macho yake ni makubwa kama ya kioo, ukimmulika usiku yanang'aa kama ya paka. Nyama yake nyeupe, laini, haina harufu kali. Sisi tuliolelewa na ngege na mbuta kando ya Ziwa Victoria hatuvutiwi na samaki ovyo, lakini huyu, ukimkaanga akakauka vizuri, ukamwekea nyanya na kitunguu, na ugali pembeni, unakula bila kuongea na mtu.

Huvuliwa kwa miguu. Unavaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani, unaingia mtoni, unasimama kwenye mstari na watu wengine, bega kwa bega, unarusha mshipi. Hakuna mashua, hakuna gharama kubwa. Ndiyo maana watu wetu wameupenda. Unatoka Columbus alfajiri, saa mbili na kitu barabarani, na jioni umerudi na kitoweo.

Sasa jambo lenyewe.

Mwaka jana, Jumamosi moja, nilipata samaki wangu wote wa siku kabla ya saa sita mchana. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: "Wamejaa mpaka wanagonga miguu! Njooni!" Nikaweka na ramani ya pale niliposimama. Basi. Watu wakanipongeza, nikafurahi, nikaenda kulala.

Jumanne, kaka mmoja wa kikundi, hajamaliza hata mwaka Marekani, akapata siku ya mapumziko. Akafuata ramani yangu, akaingia pale pale nilipoingia mimi. Jua lilikuwa linawaka, anga safi. Asichojua ni kwamba Jumapili mvua kubwa ilinyesha upande wa Indiana. Mto Maumee unaanzia Fort Wayne, huko Indiana, unapita kwenye mashamba mengi, na maji ya mvua ya kule yanatufikia huku baadaye, wakati sisi tumeshasahau kwamba kulikuwa na mvua. Jumamosi maji yalinifika pajani. Jumanne, mahali pale pale, yalimfika kifuani, tena na nguvu nyingine kabisa. Akabebwa.

Wazee wawili waliokuwa chini yake kidogo walimdaka, mmoja akamnyoshea mpini wa wavu. Yuko hai, watoto wake wanamwona. Lakini usiku ule mkewe alinipigia simu, akaniuliza kwa upole tu: "Sista, si wewe ndiye ulisema pako sawa?"

Mimi sikusema pako sawa. Lakini pia sikusema pako vipi. Na hilo ndilo limenikaa mwaka mzima.

Nyinyi mnaofanya kazi kama yangu mnajua kitu kinachoitwa ripoti. Zamu ikiisha, huondoki hivi hivi. Unakaa na mwenzako anayeingia, unamkabidhi wagonjwa mmoja mmoja. Hebu fikiria nimwambie: "Wa kitanda cha nne amelala vizuri, amekula, presha yake iko poa." Halafu nisahau kusema kwamba penisilini inamdhuru. Daktari anaandika dawa, mwenzangu anachoma sindano. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na mgonjwa amekufa.

Ripoti yangu ya Jumamosi ilikuwa hivyo. Kila neno lilikuwa kweli. Samaki walikuwepo. Ila nilimpa mwenzangu sehemu tamu, nikabaki na sehemu inayookoa maisha, bila hata kujua nimebaki nayo. Kama ningenyamaza, angeuliza mtu mwingine, au angesimama ukingoni akatazama wenzake kwanza. Maneno yangu ndiyo yaliyomwondolea hofu. Ndiyo maana nasema ripoti nusu ni mbaya kuliko kimya.

Najua kuna wanaosoma hapa wakisema: "Si basi unyamaze! Hata sisi hatupendi unavyotangaza." Hao nawaheshimu, na hoja yao si ya uchoyo peke yake. Wanasema ukitangaza mahali, watu wanajaa, takataka zinajaa, samaki wanavuliwa wakiwa na mayai tumboni, mwisho wanaisha. Mimi natoka Nyanza, hoja hiyo siwezi kuicheka. Wazee wetu waliwajua ningu, samaki waliokuwa wakipanda mito kama Nzoia na Sondu wakati wa mvua kwenda kutaga, kama hawa wolai wanavyofanya. Nyavu za kisasa ziliingia Ziwa Victoria kuanzia 1905, watu wakajifunza kuzitega midomoni mwa mito, wakawazuia ningu njiani kabla hawajataga. Leo muulize kijana wa Kisumu ningu ni nini, atakuambia ni jina la mtu.

Lakini tuulizane: waliowamaliza ningu ni majirani waliokuwa wakipeana habari? Hapana. Ni nyavu midomoni mwa mito wakati wa kutaga, bila kanuni iliyoshikwa. Samaki hulindwa na sheria inayofuatwa, kimya hakiwalindi. Huku Maumee sheria zipo. Msimu wa wolai kupanda, hairuhusiwi kuvua kuanzia jua likizama mpaka lichomoze. Ndoano ni moja tu kwenye mshipi. Na samaki ambaye hakuuma kwa mdomo, yaani ndoano imemnasa mgongoni au ubavuni, unamrudisha majini hata kama ni mkubwa kiasi gani na hakuna anayekuona. Idadi ya kwenda nayo nyumbani ina kikomo, na mfupi kuliko kipimo anarudi. Leseni ni lazima kwa kila mwenye miaka 16 na kuendelea. Ripoti inayotaja haya inamlinda samaki kuliko mzee aliyekaza mdomo.

Tena kimya hakigawanyiki sawasawa. Mwenyeji aliyezaliwa Perrysburg hahitaji ripoti yako. Baba yake alimwonyesha wapi pana shimo, jirani yake atamwambia maji yamepanda. Anayehitaji ni yule aliyekuja juzi, hana mjomba hapa, Kiingereza cha ubao wa matangazo kinamchanganya, na hajawahi kuingia maji baridi namna hii maishani. Tukinyamaza, wenyeji hawapungukiwi na kitu. Anayepigwa faini ni mgeni, na anayezama ni mgeni.

Kwa hiyo tuendelee kusema, ila tuseme kamili. Kazini tunafundishwa ripoti yenye hatua nne: hali ilivyo sasa, yaliyotangulia, wewe unaonaje, na ushauri wako. Ziko hivyo hivyo mtoni.

Hali ilivyo: ulivua siku gani, saa ngapi, maji yalikufika wapi, na wewe una urefu gani. Msicheke. Maji ya kiunoni kwa mtu mrefu ni ya kifuani kwangu. Taja joto la maji pia. Wolai hupanda na kutaga zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 42 na 50 hivi za Farenhaiti, kwa hiyo namba hiyo inamwambia mwenzako habari za samaki na habari za hatari kwa pamoja.

Yaliyotangulia: mvua ilinyesha lini, wapi, mto unapanda au unashuka? Hii si ramli. Serikali ina kipimo cha maji pale Waterville, juu kidogo ya tunapovulia, na namba zake ziko wazi kwenye simu yako, bure. Tazama mstari wa mchoro. Ukiwa unapanda, kaa ukingoni au ubaki nyumbani. Na usivuke kwenda kisiwani asubuhi wakati mto unapanda, maana jioni njia uliyopitia haitakuwepo.

Unaonaje: hapa sema ukweli wako. "Nilipata wawili kwa saa sita" ni ripoti nzuri. Usiongeze. "Sikupata kitu" ni ripoti nzuri zaidi, inamwokolea mtu mafuta ya gari. Na kama ulikuwa na bahati tu, sema bahati.

Ushauri: ungemwambia nini mdogo wako wa damu? Aje au asije? Aje na nani? Mahali pa kuegesha gari, mahali penye utelezi. Si lazima utaje jiwe lako ulilosimamia, hilo baki nalo. Lakini shimo unalolijua huna haki ya kulificha.

Na kwa kuwa mimi ni nesi, ongezeni la tano: baridi. Maji ya nyuzi 45 za Farenhaiti ni kama nyuzi 7 za Selsiasi. Ukianguka humo, dakika ya kwanza mwili wenyewe unakulazimisha kuvuta pumzi kwa nguvu, utake usitake, na kama uso uko chini ya maji unavuta maji. Dakika hiyo usipambane, tafuta tu kutuliza pumzi na kuweka uso juu. Baada ya hapo una kama dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakutii, zitumie kutoka. Baridi yenyewe inachukua kama saa nzima kukuzimisha, kwa hiyo wengi wanaokufa hawafi kwa baridi, wanazama mapema kwa sababu ya ile dakika ya kwanza na zile kumi. Koti la kuokolea maisha lipo la aina nyembamba, vaa. Mkanda wa suruali ya mpira kaza kiunoni. Suruali ikijaa maji haikuvuti chini kama jiwe kama watu wanavyodhani, lakini kupanda ukingoni nayo ni kazi, na mkanda unapunguza maji yanayoingia.

Ukimtoa mwenzako: piga 911, mvue zilizolowa, mfunike, mlaze. Usimsugue mikono na miguu. Usimpe pombe, hata kama mjomba wako alisema inapasha damu moto.

Na mama wajawazito mlioniuliza: wolai ni samaki mla samaki, na samaki wa namna hiyo hukusanya zebaki mwilini kadiri anavyokua. Mkubwa wa kupigia picha si lazima awe wa kula. Chagueni wadogo waliofika kipimo, msile kila siku, na someni ushauri wa jimbo kuhusu samaki wa maji mnayovulia. Mwenye kuwagawia majirani samaki aseme ametoka maji gani. Hiyo nayo ni ripoti.

Kaka yule bado anavua. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa kwanza wa msimu, nikaucheka halafu nikaukalia kimya kidogo. Aliandika hivi: "Sista, leo saa nne mpaka saa nane. Mimi ni futi tano na inchi tisa, maji magotini, sikwenda zaidi. Mto unashuka siku ya tatu. Baridi kali. Samaki hakuna, mmoja tu alishikwa ubavuni nikamrudisha. Msije bado." Hakuna picha, hakuna sifa, na hiyo ndiyo ripoti bora niliyosoma kwenye kikundi chetu.

Basi jibu la swali lenu: ndiyo, wameanza kupanda, wachache, madume zaidi. Lakini usiku huu mvua imenyesha upande wa Indiana, nimeiona kwenye simu wakati wa mapumziko ya saa tisa. Wikendi hii msije. Nitatazama kipimo cha Waterville kila siku nikitoka kazini, na nitawaandikia hapa mto ukianza kushuka. Na wewe ukitangulia kuona, andika. Ila andika yote.

Nalala sasa. Simu nazima.