Kuurudia Wimbo wa Mwenzio Si Wizi

Katika jioni ya muziki ya muhula uliopita nilisimama mbele yenu na gitaa langu la mbao, lisilo la umeme, nikapiga "Light My Fire," wimbo wa kundi la The Doors la Marekani. Nilipomaliza, mwenzangu mmoja aliyenitangulia kidato alisema kwa sauti kubwa, "Mwiga tembo hupasuka msamba!" Ukumbi mzima ukacheka. Kwa majuma matatu sikuligusa gitaa lile. Leo naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu, si kwa hasira, bali kwa hoja.

Hoja yake ni kwamba kupiga wimbo wa mtu mwingine ni ukasuku, na kwamba nyimbo kuu za roki ya saikedelia zilikwisha kupigwa vizuri na wenyewe, basi ziachwe. Kwa wasioujua, huo ni muziki uliochipuka Marekani na Uingereza katikati ya miaka ya 1960. Wapigaji wake walipenda magitaa ya umeme yenye kuvuma na kukwaruza, sauti zilizochezwa kinyumenyume, na nyimbo zinazomchukua msikilizaji kama mtu aotaye ndoto mchana.

Wakati wa likizo mjomba wangu, mwenye santuri nyingi za zamani, aliniwekea "Light My Fire" mara mbili. Kwanza ile ya The Doors ya 1967, karibu dakika saba, ambayo kinanda chake huzunguka na kuzunguka bila kuchoka. Kisha ya José Feliciano ya 1968. Feliciano alizaliwa Puerto Rico akiwa kipofu, na gitaa lake lilikuwa la nyuzi za nailoni. Hakushindana na kinanda kile. Aliupunguza wimbo mwendo, akauimba kama mtu abembelezaye. Maneno ni yale yale, lakini nilisikia huzuni ambayo sikupata kuisikia kabla. Mwaka 1969 alipewa tuzo mbili za Grammy. Je, huyo ni kasuku?

Wako hata waliomfundisha mwenye wimbo. Bob Dylan aliutoa "All Along the Watchtower" mwishoni mwa 1967, kwa vyombo vichache. Mwaka 1968 Jimi Hendrix aliurudia kwa gitaa la umeme linalolia kama tufani. Dylan hakununa. Baadaye alipoupiga jukwaani, aliuendea kwa namna ya Hendrix. Mwenye shamba alijifunza kulima kwa jirani! Kadhalika, mwaka 1974 Elton John alipourudia "Lucy in the Sky with Diamonds" wa The Beatles, John Lennon, mmoja wa wenye wimbo, alikuja mwenyewe kumsaidia kwa gitaa na sauti. Ni wizi gani huo ambao mwenye mali humshikia mgeni taa?

Hata hivyo, nakiri kwamba si kila anayerudia wimbo anastahili sifa. Anayeiga kila mlio bila kuongeza lake, huyo ni kasuku kweli. Na anayelificha jina la mtunzi, huyo ni mwizi. Nilipojichunguza niliona haya, kwa kuwa jioni ile nilijaribu kulilazimisha gitaa langu liwe kinanda cha umeme. Wala sikumtaja Robby Krieger, mpiga gitaa wa The Doors, aliyeutunga wimbo ule sehemu kubwa. Basi mwenzangu alikuwa na nusu ya haki, nami nampa nusu yake.

Najua wazazi na walimu watauliza juu ya dawa za kulevya. Sitaficha. Zama zile vijana wengi walitumia LSD, na muziki huu ulihusishwa nayo. Hendrix mwenyewe alifariki London mwaka 1970, umri wa miaka 27, baada ya kumeza vidonge vya usingizi kupita kiasi. Lakini hiyo ni sababu nyingine ya kupenda nyimbo hizi zikirudiwa. Zikipigwa na mtu mwenye akili timamu, na bado zikapendeza, twajua kwamba uzuri wake umo katika sauti na mawazo, haukutoka katika dawa. Mimi siku ile kwa mjomba nilikuwa nimekunywa chai tu.

Muhula huu nitasimama tena. Nitamtaja mtunzi kwanza, kisha nitapiga polepole, kwa kadiri ya gitaa nililo nalo. Mwenzangu namwalika akae mstari wa mbele. Akiona nimemwiga tembo, aseme. Ila asikilize kwanza mpaka mwisho.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu