Jangwa Si Adhabu

Juma lililopita, kijana niliyemfundisha miaka michache iliyopita alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Amepata kazi ya kudumu serikalini baada ya kuzunguka Nairobi muda mrefu na bahasha ya kaki kwapani, lakini kituo alichopangiwa ni North Horr, Kaunti ya Marsabit. "Daktari," akaniuliza, "hakuna mtu unayemjua anayeweza kunibadilishia?" Nilimjibu kwamba hata kama ningemjua, nisingemwomba. Akanyamaza. Ukimya ule ndio ulionikalisha kuandika.

Katika ofisi zetu, mtumishi akimkosea mkubwa wake huambiwa kwamba atapelekwa Turkana. Au Mandera. Sote hucheka. Sijui kama kuna anayejiuliza kicheko hicho kinasikikaje masikioni mwa msichana aliyezaliwa Lodwar na ambaye sasa ameketi katika ofisi hiyo hiyo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 460,000 katika Marsabit peke yake. Hao hawajaadhibiwa na mtu, wako nyumbani. Sisi ndio tunaowapelekea walevi wetu, watoro wetu na waliokosana na wakubwa, kisha tunaandika ripoti za kushangaa kwa nini huduma kule ni duni.

Nami nimeishi huko. Kati ya 2006 na 2008 nilifundisha katika shule moja ya upili pembezoni mwa jangwa la Chalbi, nikiwa kijana asiyejua tofauti ya ngamia na nundu yake. Sitaki kumdanganya mwanafunzi wangu. Upepo hupuliza mchana kutwa hadi ukasahau sauti yako mwenyewe. Maji ya kisima chetu yalikuwa na ladha ya magadi, na chai iliyopikwa nayo ilihitaji moyo. Safari ya mjini Marsabit ilikuwa ni kupanda juu ya lori la mbuzi, kukalia mabomba ya chuma huku ukiyashika kwa mikono miwili, na kuomba mvua isinyeshe, kwa kuwa Chalbi ikilowa hugeuka tope linalomeza magurudumu. Wale wanaokuja na kamera kwa siku tatu na kusifu nyota na utulivu hawajawahi kulisubiri lori hilo wakiwa na mtoto mwenye homa.

Lakini yapo niliyoyapata kule ambayo shahada zangu zote tatu hazikunipa. Nilikopeshwa unga na sukari dukani kwa miezi miwili mshahara ulipochelewa, na mwenye duka hakuandika deni langu popote. Mzee mmoja wa Kigabra alinieleza, kwa uvumilivu mkubwa, kwa nini ngamia wake wengi walikuwa katika maboma ya watu wengine. Mwenye mifugo humwazima mwenzake ngamia jike. Mwazimwaji hutumia maziwa, na uzao hubaki wa mwenye mali. Ukame ukipiga upande mmoja, au maradhi yakiingia boma moja, mtu hafilisiki. Miaka kadhaa baadaye, nikisoma nadharia za bima kwa ajili ya tasnifu yangu, nilikuwa nikimkumbuka mzee yule kila ukurasa. Nami nilikuwa nimekwenda kumfundisha mwanawe uchumi.

Kuna ugumu wa aina mbili, nasi tumezoea kuuchanganya. Jua, upepo na uhaba wa mvua ni ugumu wa nchi yenyewe, na wenyeji wameujibu kwa maarifa ya karne nyingi: nyumba zinazobebwa na ngamia, zamu za visimani, malisho yanayoachwa akiba. Ugumu wa pili ulitengenezwa mezani. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzifunga wilaya za mbali, na kaskazini ikawa nchi ya kuingiwa kwa kibali. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kule kwenye ardhi nzuri, mvua, na barabara zilizokwisha kujengwa. Aliyekuwa nacho akaongezewa. Lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya miaka 50 baada ya bendera kupandishwa. Ndiyo maana watu wa kaskazini wakisafiri kwenda Nairobi husema wanakwenda Kenya.

Ajabu ni kwamba nchi iliyoambiwa haina kitu, siku ilipohitajika, ilikuwa nacho. Karibu na Loiyangalani kumesimikwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mnamo 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana bila kufuata sheria. Upepo ule ule tulioulipia posho ya mazingira magumu!

Nitaulizwa: mbona wewe uliondoka? Niliondoka kwa sababu mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na chumba cha upasuaji kilikuwa zaidi ya kilomita 100 mbali, juu ya barabara niliyokwisha kuieleza. Jirani yetu alikuwa ameanza safari hiyo usiku mmoja akiwa na uchungu wa uzazi, na hakufika. Sikukimbia jua. Niliondoka kwa sababu nilikuwa na mahali pa kuondokea, na mume wa jirani yule hakuwa napo. Wala siwalaumu walimu walioondoka Garissa mwanzoni mwa 2020 baada ya wenzao kuuawa. Anayedai mtumishi awe shahidi amekosea kama yule anayemtuma kwa adhabu.

Posho peke yake haitoshi, maana inamlipa mtumishi avumilie kukosekana kwa vitu ambavyo fedha hizo hizo zingeanza kuvijenga. Apangiwe miaka mitatu ambayo mwisho wake unajulikana, na miaka hiyo ihesabiwe anapopandishwa cheo. Apelekwe aliye hodari. Na chumba cha upasuaji kijengwe kabla ya ukumbi wa kaunti.

Jana kijana alinipigia tena. Hakutaja kubadilishiwa, aliuliza abebe nini. Nilimwambia achukue tochi, kofia pana, vitabu vingi kuliko nguo, na neno moja la kuanzia, *nagaa*, ambalo ni amani, na ndilo atakalosalimiwa nalo atakaposhuka garini. Akaniuliza kama mtandao unashika. Nilimwambia atakapofika anipigie, ndipo sote tutajua.