UDI UNA CHAMA, ZEZE JE?

Ndugu zetu wa Unguja walikwisha kujibu swali ambalo sisi wa Unyambwa bado hatujajiuliza: nani atautunza muziki wetu? Mwaka 1905, zamani za Sultani na Mwingereza, wapenzi wa taarab waliunda chama, wakakiita Ikhwani Safaa. Hawakungoja amri ya mkubwa yeyote. Walikaa pamoja, udi mkononi, mjuzi akimfundisha asiyejua. Watawala wale wamekwenda zao; chama kipo.

Wako watakaosema kuwa mapenzi ya muziki yatosha. Hayatoshi! Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza Unguja mwaka 2002, kimefundisha vijana wengi kupiga udi, lakini mwaka 2019 kilitangaza kwamba huenda kikafunga milango kwa kukosa fedha. Wanafunzi wengi hawakuweza kulipa ada. Basi, hata udi wenye sifa zote hizo huhitaji mfuko.

Sisi hatudai udi. Tuna zeze, ambalo jirani yetu Mgogo, marehemu Hukwe Zawose, alilipigia wageni hata Ulaya, wakamshangilia. Huku kwetu kijana akiambiwa zeze hucheka. (Na mzee naye, tuseme kweli, amechoka kumbembeleza.)

Tunataka chama Unyambwa. Watu kumi wanatosha kuanza, kila mmoja atoe shilingi elfu moja kwa mwezi, apatikane fundi wa kuchonga na mzee wa kufundisha. Serikali tutaiomba baadaye. Nani atatupa chumba cha kukutania Jumamosi?