Kilio Hakifungwi Gerezani

Serikali ya kikoloni ilikuwa na desturi moja: ikimwona mtu anasema maneno ya wanyonge, humwekea makachero kabla ya kumwuliza analia nini. Katika historia ya Kenya umo mfano ambao wanachama na wafanyakazi yawapasa waukumbuke, nao ni wa Elijah Masinde wa Kimilili.

Masinde hakuwa na jeshi wala fedha. Alikuwa mcheza mpira mashuhuri na mfuasi wa misheni ya Quaker, iliyomtenga kwa kuoa mke wa pili. Katika miaka ya 1940 akaongoza Dini ya Msambwa, akiwataka Wabukusu wairudie ibada ya wazee wao. Lakini hakukomea hapo. Alisema kwamba ardhi iliyotwaliwa na masetla wa Trans Nzoia irudi kwa wenyewe, na kwamba kazi ya kulazimishwa ya wakati wa vita si haki. Maneno hayo ndiyo yaliyomwudhi Bwana D.C.

Je, malalamiko hayo yalichunguzwa? Hasha! Aliyechunguzwa ni mlalamikaji. Mwaka 1945 alipelekwa hospitali ya wendawazimu ya Mathari. Alipotoka mwaka 1947, maelfu walikusanyika naye Chetambe kuwakumbuka wazee waliouawa na Waingereza mwaka 1895. Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliupiga risasi umati wa wafuasi, na watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akahamishiwa Lamu.

Hatusemi kwamba kila alilotenda lilikuwa jema. Uhasama kati ya Wanamsambwa na Wakristo wa misheni ulikuwa wa kweli, nao uliwagawa ndugu wa ukoo mmoja. Lakini uhasama huo ulikuwa na chanzo, na chanzo chenyewe kilikuwa shamba na jasho. Wakubwa walitazama dini wasitazame njaa. Dalili ya mvua ni mawingu. Ayapigaye mawingu mawe haizuii mvua.

Liko jambo chungu zaidi, wala hatutalificha. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, lakini Masinde alifungwa tena, na mwaka 1968 dini yake ikapigwa marufuku mara ya pili, safari hii na serikali ya Waafrika wenyewe. Bendera ilibadilika; faili halikufungwa.

Basi, ndugu wanachama, somo ni letu. Kiongozi wa tawi akisikia mtu analalama kiwandani au sokoni, asikimbilie kuandika jina lake. Kwanza aketi naye, amsikilize. Akiwa mwongo, ajibiwe kwa hoja mbele ya watu. Akisema kweli, dhuluma iondolewe. Chama kinachowaogopa wanaolalamika kimekwisha kuwasahau waliokiunda.