Bima Inayolipa Miwani Isiyosaidia

Kuna fundi wa bodi za matatu hapa Ziwani, Nairobi, kijana ambaye bado hajafika miaka 30, aliyenyimwa lenzi za macho na kampuni moja ya bima kwa barua ya mistari michache. Bima yenyewe ni ya mke wake, anayefanya kazi ya ofisi mjini. Kwa mujibu wa barua hiyo, lenzi ni za urembo na mkataba haulipii urembo. Mwisho wa barua anakumbushwa kwa upole kwamba akitaka fremu mpya ya miwani, fungu lake la mwaka huu halijaguswa.

Nitasema mapema ili tusizungushane: uamuzi huo ni mbovu. Karani aliyeutia sahihi hana kosa kubwa, maana alifuata kifungu ambacho kimo katika mikataba mingi ya bima nchini. Kifungu hicho kinamweka fundi huyu kapu moja na bibi harusi anayetaka macho ya kijani kwa ajili ya picha. Hakiulizi jicho lina nini.

Jicho la fundi huyu lina keratokonasi. Konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni, hukonda na kuchongoka kidogo kidogo kama haina nguvu ya kujizuia. Ugonjwa huanza mtu akiwa kijana, mara nyingi shuleni, na huendelea hadi miaka ya thelathini. Kufikicha macho kunauchochea, na wanaofikicha sana ni wale wenye mzio wa macho, tatizo ambalo waganga wa macho wa Afrika Mashariki huliona kwa watoto kila siku. Tembea kutoka Kariokor hadi Gikomba mchana wa kiangazi, kati ya vumbi la mbao na moshi wa magari, uhesabu watoto wenye macho mekundu.

Watetezi wa kifungu hicho wana hoja zao, na haki ni kuzitaja. Lenzi hizi ni ghali, jozi moja hufika makumi ya maelfu ya shilingi. Wapo watakaodanganya ili walipiwe lenzi za rangi. Tena lenzi ikishikwa kwa mikono michafu au kuoshwa kwa maji ya bomba inaweza kuleta vijidudu vinavyoila konea, na katika mitaa ya maji ya mgao hilo si jambo la kupuuza. Sawa. Lakini udanganyifu huzuiwa kwa kudai picha ya konea, na usafi hufundishwa kliniki. Hakuna anayemnyima mgonjwa wa sukari insulini kwa sababu sindano ikichafuka huleta jipu.

Hoja inayomaliza kesi ni nyingine, na inaniudhi kwamba watu wanaolipwa kupima madai hawajawahi kuitafuta. Miwani haimsaidii mtu huyu. Sisemi inamsaidia kidogo, wala kwamba lenzi zina raha zaidi. Ugonjwa ukishafika alipo yeye, hakuna kioo kitakachokaa mbele ya uso wake na kumrudishia uoni.

Mtu asiyeona mbali au karibu ana jicho ambalo uso wake ni laini ila umbo lake limezidi au limepungua. Nuru inapotoka njia, hupotoka kwa utaratibu mmoja, kwa hiyo kioo kimoja kinaweza kuirudisha. Hata yule ambaye konea yake imebonyea upande mmoja zaidi ya mwingine hutengenezewa kioo chenye mikunjo miwili, akaona vizuri. Konea ya keratokonasi haina utaratibu wa kurudisha. Sehemu ya chini imechomoza, ya juu imelala, na kati ya hizo kila kipande kinaipeleka nuru kivyake. Taa moja ya barabarani usiku fundi wetu anaiona kama taa tatu zenye mikia. Herufi kwenye kibao cha matatu zina kivuli, na kivuli kina kivuli chake. Ndiyo maana miwani yake ya kwanza ilimsaidia miezi michache, ya pili haikumsaidia kabisa, na kila akienda kupimwa namba inabadilika. Zote mbili zililipwa na bima ile ile, bila swali.

Lenzi aliyonyimwa, iitwayo lenzi ya sklera, inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ni ngumu, inapitisha hewa, na ni pana: lenzi laini ya kawaida ina upana wa milimita 14 hivi, hii huanzia 15 na inaweza kupita 20. Haigusi konea. Inakaa juu ya sklera, yaani weupe wa jicho, na kuivuka konea kama daraja, huku nafasi iliyobaki katikati ikiwa imejazwa maji safi ya chumvi yasiyo na dawa ya kuhifadhi. Fundi wa bodi hahitaji mtu wa kumweleza zaidi. Anajua mabonde ya bati hujazwa pati kwanza, uso ukawa laini, ndipo rangi ikakaa. Maji yale yanajaza mabonde ya konea, na nuru inakutana na uso mpya ulio sawa.

Sasa ukimwambia mtu wa namna hii achague fremu, unamwambia nini? Unamwambia apige rangi juu ya mabonde. Unampa kitu unachojua hakifanyi kazi kwa sababu kiko kwenye orodha, na kumnyima kinachofanya kazi kwa sababu jina lake linafanana na jina la kitu kingine. Halafu unaita hilo kubana matumizi! Fedha za miwani mbili zimekwenda bure, na ya tatu imeshaidhinishwa.

Wa macho makavu wako pabaya zaidi. Hapa kwetu wapo watu waliougua Stevens-Johnson, ule mlipuko wa mwili unaoweza kuletwa na dawa kama Septrin, Fansidar au nevirapini, dawa ambazo Wakenya wengi wamezimeza kwa ajili ya malaria na virusi vya Ukimwi. Ngozi ikishapona, macho hubaki bila machozi, na kope zenye makovu huikwaruza konea kila zinapopepesa. Kwao ile hodhi ndogo ya maji chini ya lenzi huilowesha konea mchana kutwa. Nani ataliita hilo urembo?

Na historia inawasuta wenye kampuni za bima. Mwaka 1887, huko Wiesbaden, Ujerumani, fundi wa macho ya bandia aliyeitwa Müller alimtengenezea mgonjwa ganda la kioo la kulinda jicho lililopoteza kope. Mwaka uliofuata, Adolf Fick wa Zürich na Eugène Kalt wa Paris, kila mmoja kwa njia yake, waliweka vioo juu ya macho ya wagonjwa, na keratokonasi ilikuwa miongoni mwa maradhi waliyoyalenga. Lenzi za rangi zilikuja miongo mingi baadaye. Dawa ndiyo iliyotangulia.

Tuje kwenye pesa, maana najua ndipo masikio yalipo. Konea ikiharibika kabisa hubaki kupandikizwa nyingine kutoka kwa marehemu. Kazi hiyo inafanyika Nairobi, lakini konea za kupandikiza ni adimu, na mgonjwa huhudhuria kliniki miaka mingi baadaye. Madaktari wa Antwerp, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya macho 51 yaliyokuwa na keratokonasi kali, ya kiwango cha kufikiria upandikizaji. Macho 40 kati ya hayo yalifanikiwa kwa lenzi za sklera, yakaepuka kisu. Mkataba unaolipia upasuaji na kukataa lenzi umeandikwa na mtu asiyejua hata kujipunguzia gharama.

Serikali nayo haina la kujivunia. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, inachukua asilimia 2.75 ya mshahara, na mapato ya fundi wa jua kali hukadiriwa naye akatozwa. Ukifungua sehemu ya macho katika vifurushi vyake, unachokuta ni miwani. Kule Uingereza, hospitali za umma humpa mgonjwa wa keratokonasi lenzi kwa ada iliyopunguzwa. Marekani, Medicare ina kanuni inayoruhusu ganda la sklera kulipiwa pale linapochukua nafasi ya machozi.

Kazi yenyewe si kubwa. Jopo linaloishauri wizara kuhusu vifurushi na ada za SHA liongeze kipengele kimoja: lenzi ya tiba, kwa mwenye konea isiyo sawa au jicho kavu lililokithiri, akiwa na picha ya konea na sahihi ya daktari wa macho. Mamlaka ya Kudhibiti Bima nayo iwaulize wenye kampuni ni kwa msingi gani wa kitabibu neno urembo limewekwa mbele ya kila lenzi, na iwatake wajibu kwa maandishi. Wakati huo huo fundi anapaka rangi kwa kupapasa, na mjumbe wa kampuni amempigia simu kumuuliza kama ameshachagua fremu.