Mama Anapoogopa Kunywa Maji

Wapo mama zetu watu wazima waliopunguza kunywa maji kwa kuchelea udhu kutenguka. Mkojo unawachoma, usiku hawalali, na kwa haya hawasemi. Wengine wameacha hata darsa.

Ndugu wasomaji, kujinyima maji huzidisha maambukizi ya njia ya mkojo, kwani mkojo mchache hukawia kibofuni. Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hupungua na kinga ya sehemu hizo hudhoofika. Ndiyo maana maradhi hurejea. Si aibu, wala si dalili ya uchafu.

Yakirejea, tusimnunulie tena dawa ile ile ya dukani. Mkojo uoteshwe maabara ili ijulikane dawa inayofaa, kisha amalize dozi. Amuulize daktari pia kuhusu dawa ya estrojeni ya kupaka ukeni. Anapostanji, aanzie mbele kwenda nyuma. Akipata homa, maumivu ya mgongo au kuchanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Na anayetokwa na mkojo mfululizo hakufungiwa mlango wa ibada. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, hujisafisha, akajifunga kitambaa safi, akatawadha kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia, akasali papo hapo. Kimtokacho baada ya hapo amesamehewa.

Basi, enyi mabinti, muulizeni mama kwa upole, faraghani. Huo nao ni wema kwa wazazi.

Wabillahi tawfiq.