Kinanda Kipya, Maji Yale Yale

Jina la Maji ya Chai halikubuniwa na mshairi. Mto wetu una rangi ya chai, na mgeni atokaye Arusha kwenda Moshi huishangaa rangi hiyo akidhani ndiyo ubaya wenyewe. Kumbe rangi si kitu. Adui wetu hana rangi, wala harufu, wala ladha. Ni floraidi, ambayo maji huichukua katika miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mito na chemchemi nyingi za upande huu huzidi kikomo hicho mara kadhaa. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 8 vijijini, kwa kuwa maji mengine hayakuwapo. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya ufizi, humwotea yakiwa na kahawia. Kiasi kikizidi sana, hata mifupa hupinda. Kuchemsha hakusaidii: vijidudu hufa, floraidi hubaki, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea.

Sasa niseme na Walutheri wenzangu.

Katika usharika mmoja ninaoufahamu, ambao sitautaja, tulifanya harambee tukanunua kinanda cha umeme na vipaza sauti vinavyosikika ng'ambo ya mto. Watu walitoa mbuzi, ndizi, na hata kuku wa mwisho. Mkutanoni nikauliza kama haingefaa tuchange pia kwa ajili ya chujio la maji wanayokunywa watoto wa Shule ya Jumapili. Mzee mmoja wa kanisa akanijibu kwa upole, "Mwalimu, hilo ni la serikali na wataalamu. Sisi kazi yetu ni mambo ya roho." Wengi wakatikisa vichwa kukubali.

Nasema jibu hilo halina Ulutheri hata chembe. Wote tuliikariri Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 tulipofundishwa kipaimara. Luther anapoieleza sehemu ya kwanza ya Imani, ihusuyo uumbaji, anahesabu vipawa vya Mungu: mwili na roho, macho na masikio, na akili pia imo, kisha anashuka mpaka kwenye nguo na viatu. Viatu! Na alipofika kwenye mkate wa kila siku katika Sala ya Bwana, humo humo alitia serikali njema na majirani wema. Basi hata likiwa ni la serikali, bado limo ndani ya sala tunayoisali kila Jumapili.

Sisemi kwamba historia yetu ni safi. Johannes Kepler, aliyesomea uchungaji huko Tübingen kabla ya kuzigeukia nyota, alinyimwa Meza ya Bwana na mchungaji wa Kilutheri mjini Linz mwaka 1612. Kosa lake halikuwa nyota bali kukataa kutia sahihi mafundisho bila masharti. Hata hivyo aliendelea kuamini kwamba kupima mbingu ni kumsifu Aliyeziumba. Nani anamkumbuka leo mchungaji yule?

Wala sina ugomvi na muziki. Wamisionari waliokuja Meru walitumwa na Misheni ya Leipzig, na Leipzig ndipo Bach alipofanya kazi tangu 1723 hadi kufa kwake 1750. Halafu mwaka 1966, hapo Makumira, umbali mfupi tu kutoka kwetu, mwanafunzi wa theolojia Bernard Kyamanywa aliandika wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa sauti ya Kihaya, na leo Wajerumani na Wamarekani wanauimba. Kyamanywa alichukua kitu cha nyumbani, akakitumia akili, kikawa sifa.

Sasa angalieni mfupa wa ng'ombe, ambao buchani hutupwa. Kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kilichopo Ngurdoto, jirani zetu kabisa, kimefanya kazi miaka mingi juu ya jambo hili: mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo mpaka iwe mkaa, ikasagwa, ikatiwa katika ndoo, na maji yakapitishwa humo. Mkaa huo hunasa floraidi kwa sababu ile ile ambayo mifupa ya mtoto huinasa. Taabu yake ni kwamba mkaa huchoka na lazima ubadilishwe, na ndoo nyingi huishia kufugia vifaranga kwa kukosa mtu wa kufuatilia. Haya, ni nani mwenye kamati, mtunza hazina, na kina mama wanaokutana kila wiki bila kukosa, kama si usharika?

Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, marehemu Ambilikile Mwasapila, alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 huko Samunge, Loliondo, watu walilala barabarani siku kadhaa. Simhukumu. Nauliza tu ilikuwaje tukaiweza safari ile kwa kikombe kimoja, na hiki anachopewa mtoto kila asubuhi nyumbani hatukipimi.

Mkutano ujao nitauliza tena, na nitakwenda na ndoo yenyewe. Wakinijibu kwamba ni la serikali, nitamwomba mzee wetu atusomee Katekisimo kwa sauti, pale penye mkate wa kila siku. Vipaza sauti si vipo?